Katekista, ibada bila padre na sala ya mkutano wa kijiji

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni katekista wa kigango kilicho mbali na parokia. Dominika nyingi naongoza ibada bila padre, na mwenyekiti wa kijiji huniita nifungue mkutano kwa sala. Baadhi ya waumini wanasema najifanya padre, tena naingia siasa. Je, nakosea?

JIBU: Milele amina. Hukosei, ndugu katekista, na ninakushukuru kwa kuwalea waumini hao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika hati yake ya liturujia (ibada za Kanisa) ya 1963, ulihimiza Ibada ya Neno mahali pasipo na padre, ikiongozwa na shemasi au mtu mwingine aliyeruhusiwa na askofu. Mwombe basi paroko akutambulishe hadharani kwa ruhusa hiyo. Manung'uniko mengi huishia hapo.

Lakini shika mipaka. Usikalie kiti cha padre. Altareni iwekwe tu Ekaristi, yaani mkate uliokwisha kuwekwa wakfu, iliyotolewa tabernakulo (sanduku inamohifadhiwa), kabla ya kukomunisha. Usiwasalimu watu kwa "Bwana awe nanyi", na Sala ya Ekaristi, ile ya padre ya kuweka wakfu mkate na divai, usiisome hata kipande. Mwishoni usiwanyoshee watu mkono wa baraka: jitie ishara ya msalaba wewe mwenyewe, ukimwomba Bwana atubariki sote. Wakikuona hivyo Dominika hadi Dominika, hakuna atakayekuchanganya na padre.

Kuhusu mkutano wa kijiji, nenda bila hofu. Mtume Paulo alimwagiza Timotheo kwamba maombi yafanyike kwa ajili ya watu wote, na "wote wenye mamlaka", ndiyo maana Sala ya Waamini, yale maombi ya pamoja katika Misa, huwataja viongozi wa nchi. Ila pale mkutanoni wamo Waislamu, wamo Walokole, na wapo wasio na dini. Sali kwa ufupi: omba mvua, amani, haki katika mgogoro wa shamba au kisima unaojadiliwa siku hiyo. Usigeuze sala kuwa mahubiri wala sifa za mwenyekiti. Shekhe akiwepo, naye apewe nafasi ya kuomba dua.

Kampeni ni jambo jingine. Mgombea akikuita jukwaani kwake, kataa kwa heshima hata akiwa mjomba wako, kwa sababu waumini wa vyama vyote wanakutegemea kuwaongoza Dominika. Ukifika kanisani, waombee wagombea wote pamoja bila kutaja jina.