Re: Mwanangu haongei, je, anaelewa?
Mama, umeuliza kama kijana wako anaelewa mnayosema, maana haongei na kila mkifika soko la Kibuye anaziba masikio. Siwezi kumsemea yeye, lakini mimi pia siongei, nina usonji (autism, yaani ubongo hupokea mambo kwa namna tofauti), na haya naandika kwa simu hapa Kisumu. Naelewa. Ila honi za matatu, spika ya mhubiri na harufu ya omena (dagaa) huniingia zote kwa nguvu moja, sauti ya mama ikazama humo. Kuziba masikio si utundu, jamani! Msimjadili mbele yake kana kwamba hayupo, inauma sana. Mpe picha au herufi aonyeshe anachotaka, kisha usubiri. Jibu langu huchelewa kufika kidoleni. Jumapili soko hufurika, kwa hivyo mwende siku nyingine.