Vidonge vyangu vilivyomwangusha mama

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, baba ana presha na kliniki ni mbali. Nimgawie dawa zangu?" Niliacha mzani, nikakaa juu ya gunia la dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nikamjibu kwa herufi kubwa: USITHUBUTU.

Mimi niligundulika na presha nikiwa na miaka 36. Mashine ilisoma 168 kwa 104, juu mno, na kichwa hata hakiniumi. Nilianza dawa, nikaacha nilipojisikia mzima, nikarudi kliniki kwa aibu. Hapo tuparuke. Mwezi huu nimesoma 126 kwa 80, na sioni haya kujisifu.

Kinachoniuma ni mama. Ana miaka 73, yuko Ukerewe. Mwaka jana alikuja kwangu dawa zake zimekwisha. Nikamwambia, "Presha ni presha, mama, meza zangu." Nikamtolea amlodipini na kile kidonge cha kukojosha, akashushia na uji. Usiku wa tatu akainuka upesi kwenda msalani. Nilisikia ndoo ikigonga sakafu, kisha yeye. Mkono ukavunjika. Mpaka leo kaka zangu wakipiga simu huanza na, "Daktari hajambo?" Nacheka nao, lakini simu ikikatika silali.

Daktari wa kweli alimpima amekaa, akamsimamisha, akampima tena. Akisimama tu, presha inaporomoka. Uzeeni mishipa hukakamaa na figo huchoka, kwa hiyo dozi inayonituliza mimi inamlaza yeye chini. Mdogo wangu naye ni mjamzito mwenye presha, na kwake dawa za presha kama enalaprili na losartani ni mwiko, zinadhuru mtoto tumboni. Nyumba moja, presha tatu, dawa mbalimbali.

Jamani, pimeni, na mpime vizuri: kaa kwanza dakika tano, egemea, mkono uwe usawa wa moyo. Siyo unashuka mbio kutoka milimani Mabatini halafu unalaumu mashine. Chumvi isizidi kijiko cha chai kwa siku, na kayabo, samaki wa chumvi mnayempenda, ilowekwe, maji yamwagwe. Vijana wa miaka 25 mnaojiona chuma, nanyi pimeni. Na dawa ni ya aliyeandikiwa. Narudia, ya aliyeandikiwa!

Yule msomaji hajajibu. Kama unasoma hapa, mpeleke baba kliniki kesho. Nauli ikipungua niambie, nitachangia.