Kunja yetu na 'fold' yao: kwa mnaoanza kazi na wageni Lamu

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye nyumba za wageni za Shela na Mkomani, jikoni au kwenye mashua, Kiingereza cha shule kinawatosha kwa salamu, bei na kuelekeza njia. Kinachowakwamisha ni maneno mafupi mnayodhani mmeshayamaliza. Mfano mzuri ni 'fold'. Kijana yeyote ukimuuliza atakujibu upesi: kukunja. Ni sawa, ila kunja yetu na 'fold' yao hukutana kwenye nguo na karatasi, kisha kila moja hushika njia yake.

Sisi hukunja mkeka, mikono ya shati, ngumi, goti na uso, na mabaharia hukunja tanga. Mwingereza ana kitenzi kwa kila kimoja. Mkeka na mikono ya shati ni 'roll up', ngumi ni 'clench', goti ni 'bend', uso ni 'frown', na tanga linalofungwa kwenye foromali ni 'furl'. Mimi hujiuliza swali moja tu: je, upande mmoja umelala juu ya mwenzake? Shuka, barua, kiti cha kukunja, mikono iliyopishana kifuani, vyote vinaingia kwenye 'fold'. Mkeka uliozungushwa hauingii.

Mnaofanya kazi chumba cha nguo, hapa nawaomba mtulie kidogo. Sisi tukisema "kunja mara mbili" tunaelewana kwa kuona mikono ya anayesema. Kwa Kiingereza, 'fold it in two' ni mkunjo mmoja, nguo inakuwa na matabaka mawili. 'Fold it twice' ni mikunjo miwili, na taulo likikunjwa nusu, kisha nusu tena, unapata matabaka manne. 'Fold it in thirds' nayo ni mikunjo miwili, lakini matabaka ni matatu: unaleta upande wa kulia hadi theluthi ya pili, kisha wa kushoto unaufunika juu yake. Halafu kuna 'lengthwise', yaani kwa urefu. Rafu ya taulo ishirini zilizokunjwa nusu na nyingine zilizokunjwa theluthi haikai sawa hata uipange vipi. Basi uliza mapema: "In half or in thirds?" Ni swali la mtu anayeijua kazi yake, wala si la kuonea haya.

Jikoni neno hili linageuka kabisa. Maelezo ya keki yakisema 'fold in the egg whites', hakuna kinachokunjwa. Ute wa mayai umepigwa hadi ukaumuka, umejaa mapovu madogo ya hewa, na hayo ndiyo yatakayoinua keki ndani ya oveni. Ukikoroga kama unavyokoroga uji, mapovu yanapasuka na keki inatoka imelala. Chukua mwiko mpana, ushushe katikati ya bakuli mpaka chini, upitishe kwenye sakafu ya bakuli, kisha upandishe mchanganyiko wa chini uje ulalie wa juu. Zungusha bakuli kidogo, rudia. Mistari ya ute ikishapotea, acha hapo hapo. Tazama mkono wa mpishi mzoefu akifanya hivyo mara moja, hutasahau maana yake.

Kwenye mazungumzo, mgeni akikwambia hoteli aliyofikia zamani 'has folded', anasema imefungwa, biashara imekufa. Ni habari ya kumpa pole, maana pengine alikuwa na marafiki pale. Mcheza karata 'akifold' amejitoa kwenye mchezo. Na mgeni akianza na "The problem is twofold", usikimbilie suluhisho baada ya sentensi ya kwanza. Ana malalamiko mawili, subiri la pili. Mkia huo '-fold' ni ndugu wa kukunja, na hukaa kwenye hesabu: 'tenfold' ni mara kumi.

Wengine wamefanana sura tu. 'Fold' ya kondoo, yaani zizi, katika Kiingereza cha kale ilikuwa neno jingine kabisa, na ndimo ulimotoka usemi 'return to the fold', kurudi kundini kwa jamaa zako. Hata 'blindfold', kitambaa cha kufunga macho, haikuzaliwa na kukunja. Ilitoka kwenye kitenzi cha kumtia mtu upofu, sauti ikavutwa taratibu kuelekea 'fold'. Haya si ya lazima kazini, ila mimi huyapenda, na mtu hushika zaidi anachokipenda.

Mnaotengeneza kurasa za nyumba za wageni kwenye intaneti mtaambiwa jambo liwe 'above the fold'. Magazeti makubwa huuzwa yamekunjwa, mnunuzi akaona nusu ya juu tu, kwa hiyo habari nzito ikawekwa pale. Kwenye simu, ni kile kinachoonekana kabla kidole hakijasukuma ukurasa. Picha ya chumba, bei na mahali nyumba ilipo ziwekeni hapo. Historia ya mlango wa kuchonga inaweza kusubiri chini.