Meli ya pwani ya Norway: lala mchana, amka usiku

Ukipanda meli ya Bergen hadi Kirkenes wakati wa baridi, usiichukulie kama meli ya anasa. Safari za pwani hii zilianza 1893, na ni za kazi: abiria na mizigo, leo bandari 34. Kwenye bandari nyingine meli inafunga gati usiku wa manane, na haikai hata nusu saa.

Nilipanda Januari. Usiku wa pili, kati ya Molde na Kristiansund, meli hutoka kwenye kinga ya visiwa ikakutana na bahari tupu iitwayo Hustadvika. Mimi mtoto wa Unguja, niliyevuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba mara sijui ngapi, nikajiona nimekubuhu. Nikala samaki na viazi mpaka nikavimbiwa. Meli ilipoanza kwenda mrama, chumba changu cha kule omo, nilichokitaka kwa sababu ya bei, kikawa kinapanda na kushuka kama lifti mbovu. Yaliyofuata nayaacha. Chukua chumba cha katikati, cha chini, na dawa ya kichefuchefu umeze kabla ya kuondoka Molde.

Baridi yenyewe nilikuwa nimeiogopa bure. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki huzifanya bandari zile zisigande, na koti zito lilinitosha. Adui ni chini. Tromsø, mji wa bandari kule kaskazini, theluji ilikuwa imeyeyuka kisha ikaganda tena, barabara kama kioo. Hatua ya tatu nikawa chali. Bibi mmoja mwenye mvi akanipita kama anaenda sokoni, akarudi, akaninyanyulia mguu wake nione soli: mpira wenye meno ya chuma, umevalishwa juu ya kiatu. Wanaviita brodder. Nunua Bergen, siku ya kwanza.

Tromsø jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, kwa hiyo saa ya kulala chagua mwenyewe. Mimi nililala baada ya chakula cha mchana, nikaamka kwa ajili ya bandari za usiku. Mianga ya kijani angani? Wenyewe melini watakutangazia, usikeshe ukiisubiri.

Vardø tulifika saa tisa usiku. Mlango wa ubavuni ukafunguka, foklifti ikatoka na maboksi, moja la juu limechanika pembeni. Nikachungulia: ndizi. Kijana aliyelipokea akavua koti lake, akalifunika.