Maswali ya Wasomaji: Saa za Kijiji cha Ugenini

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na tangu mwaka jana ninaishi na mume wangu katika kijiji cha milimani alikozaliwa yeye, mkoa wa Granada, kusini mwa Uhispania. Nyumba ni nzuri na mume hana neno, lakini upweke unanimaliza. Ikifika saa nane mchana kijiji kizima hufunga milango, nisione mtu wala paka hadi jioni. Wazee wakikutana nami njiani huniuliza mimi ni wa nani, kana kwamba nimeokotwa. Wakati wa baridi majirani huchinja nguruwe na kutualika, nami sijui nikatae vipi bila kuwaudhi. Mwezi wa Januari bibi yangu alifariki huko nyumbani, akazikwa siku ile ile, na hapa hakuna hata mmoja aliyebisha hodi kunipa mkono wa tanzia. Namwambia mume wangu tuhamie Barcelona, naye hataki. Je, nimshikilie?
Bi S., Granada

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yako na awape subira nyote mliobaki. Nami niliwahi kuishi miaka kadhaa katika mkoa wa Jaén, unaopakana na huo wako, kijijini kwenye mizeituni pande zote hadi macho yanapoishia, kwa hiyo mengi uliyoyaandika nayatambua. Rai yangu ni kwamba usimshikilie mumeo kwa sasa. Nikiyapima uliyoyataja, naona kinachokuumiza zaidi ni saa: bado unaishi kijijini humo kwa saa za Mombasa, unatoka nje wenzako wanapoingia ndani, na unajifungia wao wanapotoka. Ukihamia Barcelona, saa hizo utazikuta huko pia, na majirani wa ghorofani hawatakuwa na haja hata ya kukuuliza wewe ni wa nani.

Sehemu kubwa ya Uhispania iko magharibi mwa mstari wa Greenwich, lakini tangu mwaka 1940 nchi hiyo imekuwa ikifuata saa za Ulaya ya Kati, kwa hiyo jua lake huchelewa nyuma ya saa ya ukutani. Mwishoni mwa Juni jua la Granada hutua baada ya saa tatu na nusu usiku, jambo ambalo kwetu sisi, ambao magharibi yetu mwaka mzima haitoki nje ya saa kumi na mbili na saa moja, lingekuwa kichekesho tupu. Ndiyo maana chakula cha mchana huliwa saa nane au saa tisa, cha usiku saa tatu au saa nne, na duka la kijijini hufungwa saa nane lisifunguliwe tena hadi karibu saa kumi na moja. Usidhani kwamba wote wamelala. Wengi wako mezani na jamaa zao, na wakati wa kiangazi wanalikimbia jua ambalo katika mabonde ya Andalucía, jimbo hilo lenu la kusini, hufikisha joto la nyuzi 35 na kupita.

Sasa zifanyie hesabu saa hizo zilizokufa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, na miezi iliyobaki ziko nyuma kwa saa moja tu. Maana yake ni kwamba saa tisa ya kijijini kwako wakati wa baridi ni saa kumi na moja ya Kisauni: alasiri imeswaliwa, birika la chai liko mekoni, na jamaa wanaingia na kutoka. Piga simu wakati huo, usikie nani anaposwa na nani amejifungua, ucheke na dada zako. Lakini ikifika saa kumi na moja ya huko uliko, agana nao, uvae, utoke, kwa sababu hapo ndipo kijiji kinapofunguka, na anayebaki ndani na simu yake saa hizo hatamjua mtu hata akikaa miaka kumi.

Ukishatoka, usitoke kwa kuzunguka bila kazi. Nenda ukanunue kitu, hata kama ni mkate mmoja. Ukiingia dukani msalimie kila aliyemo, kisha uulize nani wa mwisho, kwani foleni ya huko haionekani kwa macho: watu wamekaa ovyo ovyo, na kila mmoja anamjua aliyemtangulia. Ukiuliza hivyo umeshahesabiwa, na yule anayekuja nyuma yako atalazimika kukuuliza wewe. Kuna pia gari la samaki linalopanda milimani kutoka pwani na kupiga honi likifika. Katika mkoa wako bandari ya uvuvi ni Motril, na mtu wa pwani kama wewe, anayejua ngisi mbichi kwa kumtazama jicho, atapata heshima ya haraka mbele ya gari hilo kuliko mahali pengine popote kijijini. Mimi niliwapata marafiki wangu wa mwanzo hapo, kwa kubishana juu ya pweza apikwe vipi.

Kuhusu wazee wanaokuuliza wewe ni wa nani, sikuelewi, mwanangu, unakasirika nini. Hivi mzee wa Mji wa Kale akimwona kijana asiyemjua kichochoroni hamuulizi yeye ni mtoto wa nani? Vijiji vile watu wanajuana kwa nyumba na ukoo, na anayekuuliza anatafuta pa kukuweka. Jibu kwamba wewe ni mke wa fulani, mkaza mwana wa nyumba fulani, na utaona uso unavyobadilika. Subiri pia kiangazi kiingie. Usiku watu hutoa viti na kuviweka mlangoni, wakakaa wakizungumza hadi saa sita, na desturi hiyo wanaithamini kiasi kwamba mwaka 2021 kijiji cha Algar, mkoa wa Cádiz, kilitaka itambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa binadamu. Aliyekulia barazani Mombasa hahitaji kufundishwa hilo. Toa kiti chako, na usingoje kualikwa, kwa maana mlango ni wako na njia ni ya wote.

Suala la nguruwe ni jepesi kuliko unavyolifikiria. Kazi ile ya kuchinja wakati wa baridi ni shughuli ya jamaa nzima, na kualikwa ni dalili kwamba wamekukubali. Waambie waziwazi kwamba wewe ni Mwislamu na huli nyama hiyo, uwaambie mapema, usingoje sahani ifike mezani, kisha siku ya pili yake uwapelekee chochote ulichopika mwenyewe. Linalotaka uangalifu zaidi ni lile lisiloonekana, kwani vitobosha vingi vya Krismasi, hasa mantecados na polvorones, hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, ambayo kwenye kifurushi huandikwa manteca de cerdo. Vipo vinavyotengenezwa kwa mafuta ya zeituni, nawe uko katika nchi inayoongoza duniani kwa kuyazalisha. Idi nenda Granada mjini, ambako msikiti mkubwa wa mtaa wa Albaicín ulifunguliwa mwaka 2003, na ukitoka hapo mlangoni unaitazama Alhambra, ngome na kasri la kale la wafalme Waislamu, uso kwa uso.

Msiba ndio ulionigusa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kifo cha kijijini huko hutangazwa kwa kengele ya kanisa na kwa karatasi inayobandikwa ukutani, kisha majirani huenda kuwashika mkono wafiwa, na maziko mara nyingi huwa siku inayofuata. Bibi yako hakupigiwa kengele. Kama hukumwambia mtu, na mumeo naye hakumwambia mtu, jirani angejuaje? Hapo mumeo ndiye aliyepaswa kutoka akapita mlango kwa mlango, maana yeye anaijua desturi ya kwao, na ningependa umsomee sentensi hii. Hata sasa hamjachelewa. Someni hitima nyumbani, hata mkiwa wawili, upike wali na mchuzi wa samaki, upeleke sahani kwa nyumba za jirani na uwaambie ni kwa ajili ya nani. Watakujia. Watakuambia te acompaño en el sentimiento, maneno ambayo kila mtu huko humwambia mfiwa, nawe uyapokee kama unavyopokea pole. Ama kutokuwepo kwenye maziko ya mtu wako, hilo sina dawa yake, wala sijakutana na mtu wa ughaibuni aliyeipata.

Yaliyobaki ni ya karatasi. Hakikisha jina lako limeandikwa katika daftari la wakazi la halmashauri ya kijiji, kwa kuwa daftari hilo ndilo linalofungua mlango wa zahanati na shule. Katika ofisi yoyote angalia majina yako yanavyoandikwa, kwani kila Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na mwanamke akiolewa habadilishi lake. Sisi wenye jina letu, la baba na la babu huishia kuandikwa hivi huku na vile kule, na kulirekebisha baadaye ni mateso. Ulizia pia madarasa ya Kihispania kwenye kituo cha elimu ya watu wazima kilicho karibu. Aliyeolewa na Mhispania anaweza kuomba uraia baada ya mwaka mmoja wa ukaazi halali, lakini mitihani miwili, wa lugha na wa katiba na utamaduni, inamngoja, na mumeo hatakufanyia. Ukimaliza kiangazi kizima kwa saa zao na bado moyo umekataa, niandikie tena, na hapo nitakusaidia kumshawishi muhamie mji wa wastani wenye soko na kituo cha basi, wala si Barcelona.

SWALI: Dada mpendwa, binti yangu anaishi kijijini huko Uhispania na nimepata nafasi ya kwenda kumwona. Nimfungashie nini, na nini nikiache? Nilitaka kumpelekea nyama iliyokaushwa, samli, maembe na ng'onda.
Mama wa Tudor

JAWABU: Dada yangu, nyama na samli ziache Tudor, kwani msafiri anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingia na nyama wala vitokanavyo na maziwa, hata viwe vya kula mwenyewe. Maembe pia yaache, maana matunda mengi hutakiwa cheti cha afya ya mimea. Hata hivyo sheria hiyo imeyasamehe matunda machache, na katika hayo mna nazi, ndizi, nanasi na tende, utadhani aliyeiandika alikuwa na shemeji Mombasa. Ng'onda wako anaruhusiwa, kwa kuwa samaki wa matumizi binafsi hukubaliwa hadi kilo 20. Mfunge vizuri tu, kwa ajili ya pua za abiria wenzako. Viungo vya pilau mpelekee kwa wingi. Zafarani usijisumbue nayo, inalimwa huko huko La Mancha. Mchele wa kawaida wa huko ni ule mfupi wa mviringo, wa kupikia paella, wali wao wa sufuria pana, ambao kwa pilau utakuaibisha, kwa hiyo mwambie binti atafute basmati mjini kabla hujafika.

Ukienda wakati wa baridi beba nguo nzito za kuvaa ndani ya nyumba, nasisitiza ndani. Nyumba za kusini zimejengwa kwa kukimbia joto, kuta nene na sakafu ya vigae, na mwezi wa Januari nje kwenye jua huwa afadhali kuliko sebuleni. Wenyewe huketi kwenye meza ya duara yenye kitambaa kizito hadi chini na jiko dogo la moto uvunguni. Siku hizi mengi ni ya umeme. Wewe usije ukawasha makaa katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu huua bila harufu. Viza huombwa Nairobi, na utatakiwa uwe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Kwa kuwa utafikia nyumbani kwa binti yako, yeye aanze mapema kuomba barua ya mwaliko katika kituo cha Polisi wa Taifa, maana karatasi hiyo ndiyo huchelewesha safari za wengi.

SWALI: Shangazi, nimesikia kwamba vijiji vya Uhispania vinagawa nyumba bure kwa wageni. Kuna wakala hapa Changamwe anataka ada ili anitafutie moja. Ni kweli?
Kijana wa Changamwe

JAWABU: Mwanangu, habari hiyo ina chembe ya ukweli. Uhispania ina halmashauri zaidi ya 8,100, na zaidi ya nusu yake zina wakazi wasiofika 1,000. Mikoa kama Soria, Teruel na Cuenca imepoteza watu kwa miongo mingi, hata tarehe 31 Machi 2019 wananchi wa mikoa hiyo na mingine walijaa Madrid kudai wasisahauliwe. Baadhi ya vijiji hivyo hutoa nyumba kwa kodi ndogo, ila hutoa kwa familia yenye watoto wadogo ili shule isifungwe, au kwa mtu atakayeendesha mkahawa uliobaki pekee, na huyo lazima awe tayari na haki ya kuishi na kufanya kazi nchini. Nyumba haileti kibali. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, mwulize wakala huyo jina la kijiji, kisha uwasiliane mwenyewe na halmashauri ya hapo. Na kama anakuahidi kazi pia, angalia kwanza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.