Kabla ya kununua kiwanja Dar es Salaam, chimba shimo kwanza

Wanunuzi wengi wa viwanja ninaokutana nao katika kazi ya kusimamia ujenzi huulizia hati, barabara na umeme, lakini ni wachache wanaouliza kuna nini chini ya majani. Ushauri wangu ni kwamba, kabla hujalipa hata shilingi, umwombe mwenye kiwanja ruhusa ya kuchimba shimo la kina cha mita moja na nusu hivi.

Kando ya bahari, kama vile Msasani na Kunduchi, mara nyingi sururu itagonga jiwe la matumbawe, lililojengwa na viumbe wa bahari zama ambazo maji yalikuwa juu kuliko leo. Ukivunja kipande chake unaweza kuona vijitundu vyenye umbo la nyota, ambavyo ndivyo vilivyokuwa makao ya viumbe hao; kikwaruze, ukidondoshee siki, nacho kitatoa povu kwa kuwa ni jiwe la chokaa, jamii moja na lile linalochimbwa Wazo kutengenezea saruji. Jiwe hili hubeba nyumba vizuri, ila maji ya mvua huliyeyusha polepole na kuacha mapango, kwa hiyo fundi apige mtaimbo chini ya kila nguzo, asiridhike na sehemu moja iliyo ngumu. Shimo la choo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu majitaka hupenya kwenye nyufa bila kuchujwa vya kutosha na kuishia katika kisima cha jirani.

Pugu habari ni nyingine: vilima vyake ni vya mawe mchanga yenye kaolini, ule udongo mweupe unaofaa kwa vyombo vya kauri. Huko hofu ni makorongo yanayochimbwa na maji ya mvua, kwa hiyo mitaro ya kuyaondoa maji hayo itangulie ukuta.

Udongo mweusi wa mabondeni, kwa maoni yangu, uachie bustani. Huvimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, na nyufa zinazopanda kimshazari kutoka kwenye kona za madirisha ya majirani zitakueleza mengi kuliko dalali.

Ukishapata kiwanja, usichukulie kokoto zote kuwa sawa. Za matumbawe ni nyepesi na hunywa maji, kwa hiyo zinafaa zaidi kwenye kazi ndogo kama sakafu. Kwa nguzo na zege la ghorofa, lipia lori lilete zile ngumu za Lugoba, mkoani Pwani.