Mtoto anasoma au anaimba?

Mtoto wa darasa la kwanza anafungua kitabu, anamaliza ukurasa mzima bila kukwama, mzazi anachekelea. Kabla hujamnunulia soda, ziba picha kwa kiganja, weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari wa tatu, umwulize: "Hapa pameandikwa nini?" Akirudi juu ya ukurasa na kuanza upya ili alifikie, bado hasomi. Amekariri. Darasani wameuitikia kwa pamoja mpaka umekuwa wimbo.

Mara nyingi tatizo limeanzia kwenye herufi. Mtoto aliyefundishwa kwamba hii ni "em" na hii ni "ei", akikutana na ma anatoa "em-ei" na hapati kitu. Mfundishe sauti: mmm, midomo imefungwa, aaa, midomo inafunguka, mmm-aaa, ma. Herufi kama k na t hazivutiki, basi zitamke kwa mkato bila kuzibandika irabu. Ukimzoesha kwamba k ni "ka", ki kwake itakuwa "ka-i".

Anza na irabu tano mpaka azitambue hata ukizichanganya. Halafu konsonanti moja moja, wala usikimbilie alfabeti nzima. Kwa m, k, t na l peke yake tayari ana silabi 20, na humo mna mama, kuku, kiti, meli, mate, kulala. Kata boksi la biskuti vipande 20 vya upana wa vidole vitatu, andika silabi moja kila kipande. Mwambie aunde kiti. Ondoa ki, weka ka: imekuwa nini? Kisha mpe neno lisilo na maana, tomu au keli. Hilo hawezi kuwa amelikariri popote, ndiyo maana ni kipimo kizuri kuliko kitabu.

Dakika 15 kila jioni kabla ya chakula zinatosha. Saa zima la Jumamosi halifidii wiki nzima, na baada ya ugali mtoto anasinzia tu.

Kuna mahali ambapo karibu kila mtoto hukwama. Neno mtu analisoma "mutu", kwa sababu amezoea kila konsonanti iwe na irabu yake. Mpigishe makofi mawili, m-tu. Herufi b na d zisifundishwe ndani ya wiki ileile, kwa kuwa zinafanana. Ng'ombe na ngoma zisubiri mwishoni. Na kama lugha ya nyumbani haitofautishi r na l, mtoto ataandika anavyosikia, wala huo si uzembe. Anza na sikio: tamka kula na kura, mahali na mahari, akuambie umesema lipi. Fimbo hapa inamfundisha kunyamaza tu.

Kwa mwalimu mwenye darasa lililofurika, kuitikia kwa pamoja kunaficha wengi. Ita watoto watano kwa siku, mmoja mmoja, dakika mbili kila mtu, huku wenzao wakinakili. Elekeza silabi ubaoni bila kufuata mpangilio na uandike kwenye daftari ni zipi zimemshinda. Darasa la watoto 100 linakwisha kwa wiki nne za masomo. Anayesogeza kitabu hadi puani mkalishe mbele na umwite mzazi, huenda ni macho.

Mzazi asiyejua kusoma naye ana kazi. Anaweza kuziba picha, kuhama na kidole ovyo ovyo, na kuuliza hadithi ilihusu nini. Mtoto anayesoma kweli atajibu. Pakiti ya chumvi nayo inafaa kusomwa, ila maandishi yake mara nyingi ni herufi kubwa tupu. Subiri herufi ndogo zikae kwanza, la sivyo atadhani CHUMVI na chumvi ni maneno mawili.